Finjani Iliyowekwa Chini

Nyinyi mliobaki na dele langu la kahawa pale klabu mmenitaka niandike. Mmesema, "Ami Sleiman, tuandikie namna ulivyokuwa ukifanya, tusije tukaharibu." Haya. Mimi si mwandishi. Mkono wangu wa kushoto umezoea dele na wa kulia umezoea finjani, kalamu haina pahala. Lakini nimestaafu, nyumba kimya, na mke wangu ameshachoka kunikuta jikoni nikimpangia vikombe vyake. Vyeo sitavitaja, kwa sababu sikupata. Mshahara sitautaja vilevile, mpaka pale utakapojitaja wenyewe. Na jina la klabu naliacha, maana wengi wa watu wake wapo hai, na wengine ni jirani zangu hapa Ibra, tunasali msikiti mmoja.

Nilianza kazi nikiwa kijana, miaka michache baada ya wazee wangu kuhama Unguja kuja huku Oman. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani. Nilijua kusoma, sikujua kununua nyama. Marehemu baba akanipeleka kwa Mzee Khalfan, mtu wa Al Qabil, aliyekuwa akihudumia kahawa kwenye sabla ya mtaa wetu, yaani lile baraza la wanaume wanapokutana kwa harusi, kwa msiba na kwa maneno. Klabu ilipojenga sabla yake pembeni ya uwanja wa mpira, Khalfan alihamia huko, na mimi nyuma yake na chano cha finjani.

Siku ya kwanza nilijaza finjani mpaka juu. Kwetu Unguja muuza kahawa akikupunja unamwambia ongeza, basi niliona huo ndio ukarimu. Mgeni alikuwa mzee wa Nizwa, mwenye heshima zake. Akaitazama finjani, akanitazama mimi, akainuka akavaa viatu. Khalfan alimfuata mpaka kwenye gari kumwomba radhi. Aliporudi hakunigombeza. Alisema, "Ukijaza finjani, umemwambia mtu kunywa uende zako. Kahawa ifunike kitako cha finjani tu. Akae, umwongeze."

Mambo mengine nilijifunza kwa macho. Buni ikaangwe ibadilike rangi tu, isiwe nyeusi kama ya kwetu. Iliki itwangwe siku ileile. Tende zitangulie, kahawa ifuate, na halua ikiwepo usiweke kisu ndani yake, watu wanachota kwa vidole. Anza na mkubwa, halafu endelea kwa mkono wa kulia. Mtu akitikisa finjani, ametosheka, usimlazimishe. Siku hizi mnatumia chupa za thamosi, mnabonyeza juu inatoka. Sisemi kitu. Hata mimi mgongo uliponianza nilibonyeza. Ila dele la shaba mulioshe kwa limau na majivu, msilipeleke kwenye mashine ya vyombo, tafadhalini.

Lakini somo kubwa la Khalfan lilikuwa moja, na ndilo lililonifanya niandike yote haya. Huku kwetu mtu akija na haja nzito, hasemi mlangoni. Anakaa, anapokea finjani, halafu anaiweka chini mbele yake bila kuinywa. Hapo mwenye baraza anajua. Akiwa mtu mwenye murua humwambia, "Abshir, kunywa kahawa yako," maana yake haja yako nimeikubali hata kabla sijaisikia. Ndipo mgeni anasema. Na neno likishatoka halirudi. Khalfan akanambia, "Ukiona finjani imewekwa chini, simama hapohapo. Usimmiminie mwengine. Mwenye baraza anakutazama wewe, hatazami finjani. Wewe ukisimama, naye anajua." Nilimwona akisimama hivyo mara moja, alipokuja mzee mmoja wa Izki kumwombea msamaha mwanawe aliyemgonga mtoto wa watu kwa gari. Khalfan alisimama na dele mpaka kahawa ikapoa. Msamaha ulitoka.

Khalfan alipofariki nililia kama mtoto, nakuambieni kweli. Nikarithi dele.

Miaka ikaenda. Sabla ya klabu si pahala pa utulivu kama mnavyojua. Watu wanakuja kuzungumza mpira, na mpira wetu ni wa daraja la chini, kwa hiyo maneno ni mengi kuliko magoli. Hapo ndipo nilipomjua vizuri Seif, mwenye duka la vipuri vya magari, mwenzangu wa Unguja, sote wawili tulizaliwa Vuga mtaa mmoja. Seif hakukosa mechi. Alikwenda Sur, Nizwa, popote, na ngoma yake kwenye buti la gari. Tukifungwa, hapati usingizi. Na akizungumza, hata feni inanyamaza.

Hamza nilimpokea siku aliyofika. Alikuwa beki, mtu wa Tanga, mrefu, mpole, mmoja wa wachezaji watatu wa nje waliosajiliwa mwaka ule. Aliposikia nasema Kiswahili alinishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, baba." Tangu hapo kila baada ya mazoezi alikuwa akija kwenye kijichumba changu cha kahawa nyuma ya sabla, anakaa juu ya kopo la rangi, ananisaidia kutwanga iliki. Kiarabu chake kilikuwa cha uwanjani tu: toa, rudi, kushoto, mtu nyuma yako.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Tajiri aliyekuwa akiidhamini klabu alijitoa katikati ya msimu, na mishahara ikakatika. Mwezi wa kwanza watu walisubiri. Wa pili walinung'unika. Wachezaji wawili wa nje wakatafuta tiketi wakaondoka. Halafu siku moja kocha alikwenda uwanjani akakuta mipira imepangwa na hakuna mtu. Wachezaji wote wamegoma, na mechi na timu ya Sur iko mbele yetu.

Lahaula! Sabla ikageuka soko. Kila siku baada ya alasiri watu wanajaa, na mimi napita katikati na dele.

"Sisi tulicheza Mnazi Mmoja pekupeku," Seif alisema. "Vidole vinatoka damu. Nani alitulipa? Mtu anachezea mji wake, ati anataka risiti?"

"Wewe vipuri unauza au unagawa?" akamuuliza Mwalimu Salum, anayesomesha skuli ya hapa Ibra. "Yule kijana wa dukani kwako usimlipe miezi mitatu, tuone kama atakufungulia mlango."

"Dukani ni kazi. Mpira ni mapenzi."

"Mapenzi yako wewe, Seif. Jasho lake yeye."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa na raha. Wengine walisema wachezaji wetu wenyewe ni askari na makarani, wana mishahara yao serikalini, hawafi njaa. Hilo lilikuwa kweli. Aliyekuwa hana pengine pa kula ni Hamza peke yake. Na kwa sababu hiyo, kidogo kidogo, maneno yakamgeukia yeye. Kwamba vijana wetu walikuwa watiifu mpaka alipokuja huyu. Kwamba yeye ndiye aliyewatia sumu. Nani alianza kusema hivyo sijui. Baada ya siku mbili kila mtu alikuwa akilisema kama alilishuhudia.

Mimi nilikuwa najua Hamza halali vizuri. Wenzake walikuwa wakimletea wali kwenye vyombo vya plastiki. Aliniambia, akitwanga iliki bila kunitazama, "Ami, wakinifukuza kwa kukosa pesa, nitarudi nyumbani, ni riziki. Lakini wakinifukuza kama mchochezi, hakuna klabu itakayonichukua tena. Huku wala kwetu. Na mimi sijui kazi nyengine." Ndicho kitu alichokuwa akikiogopa, jina lake.

Nikamwongeza iliki.

Kikao cha kuamua juu yake kikawekwa Alhamisi, baada ya alasiri. Mwenyekiti wetu alikuwa Shekh Nasor, mfanyabiashara wa samaki wa Ashkhara, mtu wa watu, ila deni la klabu lilikuwa limemzeesha. Wachezaji hawakuja, alikuja Hamza peke yake kwa kuwa ndiye aliyeitwa. Asubuhi ya siku ile alikuwa amepita kwangu shavu limevimba kama ameficha ndimu. Jino. Nilimpa karafuu aing'ate, na maji ya chumvi. Akasema afadhali kidogo.

Aliingia na kanzu aliyoazimwa, imemkatikia juu ya vifundo vya miguu. Akapewa mkono na wachache. Akakaa karibu na mlango. Nikapitisha tende, hakula. Nikaanza kumimina kwa Shekh Nasor, nikaja kwa wazee, kwa Mwalimu Salum, kwa Seif, nikafika kwa Hamza. Alipokea kwa mkono wa kulia kama nilivyomfunza. Akaipeleka mdomoni. Moto wa kahawa ukagusa lile jino, uso ukamkunjana, na kwa adabu, ili asitoe sauti mbele za watu, akaiweka finjani juu ya zulia mbele yake.

Hamza hakujua alichokifanya. Katika watu wote waliokuwamo mle ndani, nilikuwa peke yangu ninayejua kwamba ni jino.

Ningeweza kuinama nikaichukua ile finjani nikapita. Hakuna ambaye angeona, Seif alikuwa keshaanza kuhutubia. Kazi yangu yote, tangu siku ya yule mzee wa Nizwa, ilikuwa kufanya mambo yapite bila mtu kuona. Lakini mafunzo ya Khalfan hayakusema uulize kwa nini finjani imewekwa chini. Alisema ukiiona, simama. Nikasimama.

Dele mkononi, moshi unapanda. Mwalimu Salum aliyenyoosha mkono kutaka ya pili akaurudisha. Seif akakatiza maneno yake. Shekh Nasor akanitazama mimi, kisha akatazama zulia. Nje nikawa nasikia mtu anamwagia maji gari lake.

Nakuambieni, uso wa Shekh Nasor ulibadilika mara tatu. Alikuwa amekuja kumfukuza yule kijana, na sasa kijana amemwomba kwa njia ya wazee wa Shekh mwenyewe, mbele ya watu wote. Angeweza kukataa. Wapo watu waliokataa kabla yake. Lakini baba yake alikuwa mtu wa mabaraza, na kila aliyekuwa pale alimjua baba yake.

"Abshir," akasema. "Kunywa kahawa yako."

Hamza akaniangalia. "Ami, wanasemaje?"

"Wanasema haja yako imekubaliwa. Itaje."

"Haja gani?"

"Yoyote, mwanangu. Imeshakubaliwa."

Akatazama finjani, akanitazama, na nikaona ameelewa kiasi. Nilikuwa nikimwomba Mungu aseme jambo lake. Sema wasikuite mchochezi. Sema ulipwe, upewe na nauli na karatasi nzuri.

Akakohoa, mkono shavuni. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Waambie wakulipe wewe."

"Nini?"

"Waambie, Ami. Wanabishana hapa siku zote hizi nani ana haki na nani hana, na mikononi wana kahawa yako. Buni unanunua wewe. Iliki unanunua wewe. Nimekuona dukani. Na wewe hujalipwa tangu siku ile tuliyokosa sisi. Hakuna aliyekutaja hata mara moja. Waambie hivyo."

Jamani. Ardhi ipasuke niingie. Ilikuwa kweli. Mshahara wangu ulikatika pamoja na wao, na sikusema, kwa kuwa niliona haya, na kwa kuwa sabla bila kahawa ni chumba cha watu wenye hasira. Hata mke wangu alikuwa hajui sawasawa. Sasa nikaambiwa niseme kwa mdomo wangu, kwa Kiarabu, mbele ya watu niliowahudumia miaka yote hiyo, kwamba nawanywesha kwa pesa za mfukoni mwangu. Sikuweza.

Nikamgeukia Shekh Nasor nikasema, "Anasema anaomba wachezaji walipwe haki yao."

Watu wakaanza kutikisa vichwa, wengine wakanung'unika. Halafu nikasikia sauti.

"Laa. Hakusema hivyo."

Seif. Nilikuwa nimemsahau. Huyo wa Vuga, aliyenyonya Kiswahili kama mimi.

"Seif, niachie," nikamwambia kwa Kiswahili.

"Nikuachie nini, Sleiman? Mtu ametoa haja yake moja, wewe unamwibia?" Macho yake yalikuwa mekundu. Akainuka, na mimi nikajua namna Seif akiinuka hakuna wa kumkalisha. Akayatoa maneno ya Hamza kwa Kiarabu, neno kwa neno, mpaka lile la dukani, mpaka lile la "hakuna aliyekutaja." Hakuongeza kitu. Seif, ambaye hata bei ya plagi huongeza.

Alipomaliza alibaki amesimama, hajui aende wapi. Watu walikuwa wakitazama finjani zao. Mwalimu Salum, mtetezi mkubwa wa haki za wafanyakazi, aliweka yake juu ya goti akaifunika kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimesimama na dele langu, masikio yanawaka.

Shekh Nasor akasema polepole, "Kweli, Sleiman?"

"Kweli, Shekh."

"Kwa nini hukusema?"

Nikamjibu lile lililokuwa karibu na ulimi. "Nilikuwa namimina."

Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. Akasema nitalipwa kabla ya mtu mwengine yeyote, na buni na iliki juu yake, neno lake limetoka. Kisha akatazama chini. Na hapo sote tukaona tulipofika. Hamza alikuwa na haja moja, na ameitumia. Kwake yeye hapakubaki kitu. Kikao kilikuwa bado ni cha kumfukuza.

Seif akakaa. Akanyoosha finjani yake tupu kwangu. "Nimiminie."

Nikamwendea, nikafunika kitako tu. Akaipokea. Hakuinywa. Aliinama na tumbo lake lile, akaiweka juu ya zulia, taratibu kama anaweka yai.

Nikasimama. Nilikuwa sijawahi kusimama mara mbili katika kikao kimoja, na sidhani kama Khalfan aliwahi.

"Na wewe, Seif?" Shekh Nasor aliuliza. Alikuwa amechoka, lakini ndani ya ile sauti kulikuwa na kitu karibu na kicheko. "Abshir. Haja yako nini?"

"Yangu ni yake," Seif akasema, akimwonyesha Hamza kwa kidevu. "Ile ambayo hakuisema."

Basi yakaamuliwa. Hamza hakufukuzwa, na neno mchochezi halikuandikwa popote wala kutajwa tena mle ndani. Wachezaji walilipwa kwa mafungu, kwa kuchangishana, na wa kwanza kutia mkono mfukoni alikuwa mwenye duka la vipuri, huku akiapa wallahi kwamba mpira ni mapenzi. Vijana wakarudi mazoezini. Sur walitufunga vilevile, tena vibaya. Msije mkadhani nawahadithia ngano.

Baada ya kikao nilimpeleka Hamza kung'oa jino. Njiani nilimweleza yote kuhusu finjani, na kwamba nilijua, na kwamba nilisimama makusudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo ningeomba hata gari?" Tukacheka mpaka akashika shavu.

"Na kwa nini hukujiombea?" nikamuuliza.

"Ningejiombea mimi, wangesema si tulijua, mgeni anataka pesa. Wewe hakuna wa kukusema vibaya." Kisha akageukia dirishani. "Halafu, Ami, nilikuwa nimekasirika. Kweli nilikuwa nimekasirika."

Msimu ulipokwisha alipata klabu kwao, ya jina kuliko yetu. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga kwenye kijichumba, mkoba mgongoni, akakaa juu ya kopo lake la rangi. Nilikuwa nimepika dele dogo kwa ajili yake tu. Nikamimina, akapokea kwa mkono wa kulia, akanitazama usoni, akaiweka finjani chini sakafuni.

Mimi, kwa mazoea, nikasimama.

"Sema abshir, Ami."

"Abshir. Umekuwa Mwarabu sasa. Haja yako?"

"Kaa. Mimi nimimine."

Nikakaa. Miaka yote ile sikuwahi kukaa mbele ya dele lililoshikwa na mwengine, isipokuwa Khalfan. Hamza akalishika kwa mkono wa kulia, mkono usio wa dele, akachukua finjani kwa kushoto, na akamimina kwa moyo wake wote, kama watu wa pwani tunavyomiminiana, mpaka kahawa ikafika ukingoni na kunimwagikia vidoleni.

Finjani iliyojaa. Kunywa uende zako.

Sikumwambia. Nikainywa yote, mpaka machicha.